Scheele: mfamasia aliyegundua klorini, nguvu ya makala na asidi inayoyeyusha koltani

Kila mara kipindupindu kinapozuka Kivu Kaskazini, watu wa afya hurudi kwenye kazi ambayo wakaaji wa Masisi na Walikale wameizoea. Mtu mmoja husimama karibu na chemchemi au kando ya mto, mkononi ana chupa ya dawa na bomba la kupigia sindano. Mama anafika na bidoni ya lita 20, dawa inatiwa kidogo, bidoni inafungwa, na mama anaambiwa asubiri nusu saa kabla ya mtu yeyote nyumbani kunywa. Dawa hiyo ni klorini. Hata javeli inayouzwa sokoni kwa kufulia nguo nyeupe hutokana nayo.

Mtu wa kwanza kuitoa gesi hiyo na kueleza tabia zake hakuwa mwalimu wa chuo kikuu wala daktari. Alikuwa msaidizi katika farmasi moja ya Sweden, kijana asiye na diploma, anayepima dawa mchana na kufanya majaribio usiku. Jina lake Carl Wilhelm Scheele. Alikufa mwaka 1786 akiwa na umri wa miaka 43, na kati ya vitu alivyoviacha kuna vinne vinavyogusa maisha ya Masisi na Walikale hadi leo: klorini ya kwenye maji, elimu ya namna makala inavyonasa hewa, asidi inayoyeyusha koltani, na wolframu.

Scheele alizaliwa tarehe 9 Desemba 1742 huko Stralsund, mji wa bandari kwenye pwani ya Baltiki. Leo mji huo ni wa Ujerumani, lakini wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Sweden, kwa hiyo nchi zote mbili humdai kuwa mtoto wao. Alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto kumi na mmoja. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, lakini biashara ilianguka mtoto akiwa bado mdogo, na pesa ya kumpeleka shule kubwa haikuwepo. Njia iliyobaki ni ile ambayo familia nyingi zinaijua: mtoto anapelekwa kwa mtu mwenye kazi, anajifunza kwa kutumika.

Mwaka 1757, akiwa na miaka 14, alivuka bahari hadi Gothenburg kujifunza ufamasia kwa mzee Martin Andreas Bauch. Farmasi za wakati ule hazikuwa duka la kuuza vidonge vilivyotoka kiwandani. Zilikuwa na jiko, tanuri, chupa za kuchemshia, mizani, mizizi, mawe na chumvi za kila aina, na mfamasia alitengeneza dawa mwenyewe. Kwa kijana mwenye udadisi hiyo ilikuwa shule tosha. Scheele alisoma vitabu vichache vya kemia vilivyokuwemo nyumbani kwa Bauch, halafu usiku akarudia majaribio yaliyoandikwa humo, moja baada ya jingine, ili aone kama waandishi walisema kweli. Miaka minane ilipita hivyo.

Mwaka 1765 Bauch aliuza farmasi, na Scheele akahamia Malmö. Huko akapata rafiki, Anders Jahan Retzius wa Lund, aliyeona haraka kwamba msaidizi huyu mkimya ana kichwa kisicho cha kawaida na akamhimiza aandike mambo anayoyaona. Mwaka 1768 alikwenda Stockholm, na mwaka 1770 akafika Uppsala, mji wa chuo kikuu. Maandishi yake ya mwanzo hayakupokelewa vizuri na wakubwa wa elimu. Kazi yake juu ya asidi ya tartari, asidi ileile iliyomo katika ukwaju, ilichapwa mwaka 1770 kupitia Retzius.

Uppsala ndiko mlango ulikofunguka. Torbern Bergman, mwalimu mkubwa wa kemia wa chuo hicho, alikuwa akinunua chumvi katika farmasi alikofanya kazi Scheele. Siku moja kukatokea swali: chumvi ya shura, ikiisha kupashwa moto mkali, inatoa moshi mwekundu ikitiwa siki, jambo lisilotokea kabla ya kuchomwa. Bergman hakuwa na jibu. Msaidizi wa farmasi alikuwa nalo. Mwanakemia Johan Gottlieb Gahn akawakutanisha, na tangu hapo profesa na mpima dawa wakawa marafiki. Watu wa Sweden wamesema mara nyingi kwamba ugunduzi mkubwa wa Bergman ulikuwa Scheele mwenyewe. Si mbali na ukweli.

Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kijerumani, kazini alisema Kiswidi, na madaftari yake yalijaa alama za wanaalkemia wa zamani. Matokeo yake ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusoma vizuri kilichoandikwa humo. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1892, msafiri na mwanasayansi Adolf Erik Nordenskiöld alipochapa barua na kumbukumbu za majaribio yake, ndipo ikaonekana wazi jinsi mtu huyu alivyokuwa mbele ya wenzake.

Alikuwa mbele hasa katika jambo la hewa. Kati ya mwaka 1771 na 1772, Scheele alipasha moto vitu mbalimbali, kati yao shura, oksidi ya zebaki, na jiwe jeusi la manganizi likichanganywa na asidi ya sulfuri. Hewa iliyotoka aliikusanya katika vibofu vya ng'ombe vilivyokaushwa, kwa kuwa hakuwa na vyombo vya bei. Mshumaa ukiingizwa katika hewa hiyo uliwaka kwa nguvu ya kushangaza. Akaiita hewa ya moto. Ni ile tunayoiita leo oksijeni, ile ya chupa za chuma zinazowekwa kando ya kitanda cha mgonjwa anayeshindwa kupumua.

Hapo ndipo bahati ilipomgeuka. Joseph Priestley wa Uingereza alipata hewa hiyohiyo mwezi Agosti 1774 na akaitangaza mwaka uliofuata. Scheele alikuwa ameshaipata kabla yake, lakini kitabu chake juu ya hewa na moto kilikaa kwa mchapaji, kikisubiri pia utangulizi wa Bergman, na hakikutoka hadi mwaka 1777. Kuna na barua. Tarehe 30 Septemba 1774 Scheele alimwandikia Antoine Lavoisier, mwanakemia mashuhuri wa Paris, kumshukuru kwa kitabu alichomtumia, na ndani ya barua akamweleza njia ya kuipata hewa hiyo mpya. Hakuna jibu linalojulikana. Lavoisier baadaye ndiye aliyeipa oksijeni jina lake na kueleza kazi yake katika moto na katika kupumua, na hilo la kueleza ni lake kwa haki, maana Scheele mwenyewe alibaki akiamini nadharia ya zamani kwamba ndani ya vitu kuna kiini cha moto kinachotoka vinapowaka. Lakini jina la mfamasia halikutajwa Paris wakati lilipopaswa kutajwa. Barua yake ilibaki kati ya karatasi za nyumba ya Lavoisier na ilikuja kujulikana zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Klorini aliipata mwaka 1774, akiwa bado Uppsala, bila kuitafuta. Alikuwa akichunguza lile jiwe jeusi la manganizi. Alipolipasha moto pamoja na asidi ya chumvi, ikatoka gesi ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, yenye harufu kali inayobana kifua. Alifanya kama kawaida yake: akaijaribu juu ya kila kitu kilichokuwa karibu. Maua yalipoteza rangi. Majani mabichi yakawa meupe, na hakuna kilichoweza kuyarudishia rangi yake. Wadudu walikufa. Scheele alidhani ni asidi ya chumvi iliyoondolewa kitu fulani. Humphry Davy wa Uingereza ndiye aliyeonyesha mwaka 1810 kwamba ni elementi kamili, akaiita klorini kwa rangi yake.

Kutoka kwenye ua lililopauka hadi kwenye bidoni ya maji safari ilikuwa ndefu. Mwaka 1785 Mfaransa Claude Louis Berthollet alianza kutumia gesi hiyo kung'arisha vitambaa, na kiwanda cha kijiji cha Javel, karibu na Paris, kikaipa javeli jina lake. Wazo la kutia klorini katika maji ya mji mzima, kila siku na si wakati wa tauni tu, lilianza kazi mwaka 1902 katika mji mdogo wa Middelkerke, Ubelgiji. Na katika Ubelgiji hiyohiyo, karibu na Ypres, mwezi Aprili 1915, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya gesi ya Scheele ikaua askari waliokuwa mahandakini.

Kabla ya klorini, mwaka 1773, Scheele alikuwa ameshaona jambo jingine ambalo mpishi yeyote wa Masisi angelicheka kama kitu cha kawaida. Alichukua makala, akayapasha moto, akayaacha yapoe mahali penye hewa aliyoipima. Hewa ikapungua. Alipoyapasha moto tena, hewa ikatoka. Makala yaliimeza na kuitapika bila yenyewe kubadilika. Hayakuwa yameungua, wala hewa haikuwa imegeuka kitu kingine. Ilikuwa imenaswa tu.

Sababu yake inaeleweka leo. Mti unapogeuzwa makala chini ya udongo, kama wanavyofanya wachomaji wa Masisi kabla magunia hayajashuka Sake na Goma, maji na moshi hutoka na kuacha matundu madogo yasiyohesabika. Ukiweza kukunjua kuta za matundu hayo, gramu moja ya makala yaliyotengenezwa maalum inaweza kufunika eneo la mamia ya mita za mraba. Gesi, rangi na harufu hushikamana na kuta hizo. Mwaka 1785 Tobias Lowitz, aliyekuwa mfamasia naye, huko Saint Petersburg, alionyesha kwamba makala huondoa rangi katika vinywaji vilivyochafuka. Tangu hapo makala yameingia katika viwanda vya sukari, katika maski za gesi, katika hospitali mtu akimeza sumu, na katika vichujio vya maji. Makala ya mbabula yenyewe si kichujio cha kutegemea. Lazima yaoshwe, yapondwe na kufunguliwa matundu kwa mvuke au kwa kemikali, na hayaui vijidudu vya kipindupindu. Hilo lisemwe waziwazi, kwa sababu kuna watu wanaotupia kipande cha makala katika mtungi wakidhani wamemaliza.

Jaribio jingine la Scheele lilihusu mwanga. Alichukua chumvi nyeupe ya fedha, kloridi ya fedha, akaiweka juani, ikawa nyeusi. Wengine walikwisha kuliona hilo kabla yake. Yeye alitaka kujua ni nini kilichokuwa kinatokea. Akagundua kwamba ile sehemu nyeusi ni fedha halisi, iliyoachana na mwenzake, na kwamba asidi inabaki ndani ya maji. Kisha akapitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukagawanyika rangi kama upinde wa mvua, akaweka chumvi yake katika kila rangi. Ilikuwa nyeusi haraka zaidi katika urujuani. Kumbe mwanga si wa kuangazia tu; unavunja vitu, na rangi zake hazina nguvu sawa. Upigaji picha ulizaliwa juu ya ukweli huo, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake.

Makala yanayonasa na mwanga unaovunja: Scheele aliviandika vyote viwili, lakini hakuvikutanisha. Leo watafiti wa maji wanavikutanisha katika unga mmoja. Msingi wake ni oksidi ya titani, ule unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba, katika dawa za meno na kwenye ganda la vidonge vingi vya hospitali. Titani haikujulikana Scheele alipokufa. William Gregor aliipata katika mchanga mweusi wa Cornwall, Uingereza, mwaka 1791, na Martin Heinrich Klaproth wa Berlin akaipa jina mwaka 1795. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza kwamba oksidi ya titani, ikipigwa na mwanga ndani ya maji, inaweza kuyagawanya maji yenyewe. Miaka mitano baadaye huko Marekani, Steven Frank na Allen Bard walionyesha kwamba unga huo ukiwa katika mwanga huharibu sianidi iliyo majini. Sianidi inatokana na ile asidi kali aliyoitoa Scheele katika rangi ya buluu ya Prussia mwaka 1782, na leo viwanda vikubwa vya dhahabu huitumia kutoa dhahabu katika mawe.

Kazi ya unga huo inaelezeka hivi. Mwanga unapoipiga chembe ya oksidi ya titani, elektroni moja inaruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Pengo hilo lina njaa. Linanyang'anya elektroni kutoka kwa maji yaliyo karibu, na maji yaliyonyang'anywa yanakuwa kitu kikali kinachokatakata uchafu wowote kinachougusa, iwe rangi ya kiwanda, dawa ya kunyunyizia mimea au ukuta wa kijidudu. Elektroni iliyoruka nayo inashika oksijeni na kufanya kazi ya namna hiyohiyo. Unga wenyewe hauishi.

Kasoro ni mbili. Oksidi ya titani hutumia zaidi ule mwanga usioonekana ulio nje ya urujuani, na huo ni karibu sehemu 5 tu kati ya 100 za nguvu ya jua inayofika chini. Tena mara nyingi elektroni inarudi katika pengo lake kabla ya kufanya lolote. Ndiyo maana watafiti wanaichanganya na kaboni. Kaboni inanasa uchafu na kuukusanya karibu na chembe, kama makala ya Scheele yalivyonasa hewa. Inaipokea elektroni iliyoruka na kuichelewesha kurudi. Na kulingana na namna ilivyochanganywa, inaweza kuifanya oksidi ile ishike hata sehemu ya mwanga unaoonekana. Maabara nyingi duniani zinafanya kazi hiyo, baadhi zikitafuta kaboni katika takataka za mashambani kama maganda na vifuu.

Milima ya Masisi, pale inapopita mita 2,000 na iko karibu na mstari wa ikweta, hupokea mwanga mkali wa aina hiyo siku isiyo na mawingu. Siku zisizo na mawingu ndizo chache. Huko Walikale, katika msitu wa mito ya Lowa na Oso, shida ni nyingine: pale maji yanapokuwa na tope la machimbo au rangi ya majani yaliyooza, mwanga haupenyi, na klorini nayo huliwa na uchafu huo kabla haijafika kwa vijidudu. Na unga ukitiwa majini lazima utolewe tena kabla ya mtu kunywa, jambo ambalo ndilo hasa linaloufanya ubaki maabara. Kwa sasa anayesimama kando ya mto ni yule mwenye chupa ya klorini.

Kwa wachimbaji, jina la Scheele lingepaswa kujulikana kwa sababu nyingine. Mwaka 1771 alichukua jiwe la fluori akalimwagia asidi ya sulfuri. Mvuke uliotoka ulikula kioo cha chombo chake. Hiyo ndiyo asidi ya hidrofloriki. Mwaka 1802, miaka kumi na sita baada ya kifo cha Scheele, Mswidi mwenzake Anders Gustaf Ekeberg alitangaza tantali, akaipa jina hilo kwa sababu oksidi yake haikukubali kunywa asidi alizoitumbukiza. Asidi inayoivunja ni ile ya Scheele. Koltani inayochimbwa Rubaya, wilayani Masisi, ikiisha kubebwa mgongoni, kuoshwa, kupimwa na kuvuka mipaka, hufika katika viwanda vya mbali ambako huyeyushwa kwa asidi hiyo ili tantali iachane na niobi. Huko ndiko jiwe linakogeuka kuwa kitu cha kuwekwa katika simu, na huko ndiko bei inakobadilika. Kivu Kaskazini hakuna kiwanda cha namna hiyo.

Mwaka 1781 alichunguza jiwe jeupe zito lililotoka katika machimbo ya Sweden, ambalo Waswidi waliliita kwa jina lenye maana ya jiwe zito tu. Akatoa ndani yake asidi ya elementi isiyojulikana. Miaka miwili baadaye ndugu wawili wa Hispania, Juan José na Fausto Elhuyar, wakapata chuma chenyewe kutoka wolframu, jiwe ambalo Kivu zote mbili huliuza pamoja na koltani na kasiteriti. Aina ya jiwe alilolichunguza iliitwa baadaye sheeliti, kwa heshima yake.

Orodha ya mengine ni ndefu kiasi kwamba inachosha: manganizi na bariumu alizionyesha njia, molibdeni vilevile, asidi ya limau, asidi ya tufaha, gliserini iliyomo katika sabuni na mafuta ya ngozi. Mwaka 1780 alitoa katika maziwa yaliyochacha ile asidi inayoyapa mashanza ukali wake, na wafugaji wa Masisi wanaijua kwa ulimi bila kuhitaji jina. Alitengeneza pia rangi ya kijani nzuri mno, yenye arseniki ndani yake, iliyopakwa kwenye karatasi za ukutani na nguo za Ulaya karne iliyofuata na kuwadhuru watu wengi majumbani mwao. Si kila alichokiacha kilikuwa baraka.

Tarehe 4 Februari 1775 Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Sweden kilimchagua kuwa mwanachama, jambo lisilokuwa la kawaida kwa mtu ambaye bado ni msaidizi wa farmasi. Mwaka huohuo akahamia Köping, mji mdogo, kusimamia farmasi ambayo mwenyewe, Pohl, alikuwa amefariki na kuacha mjane kijana, Sara Margaretha, na madeni. Mnunuzi mwingine alipotaka kuichukua farmasi hiyo, wakaaji wa mji walimtetea Scheele abaki. Alibaki. Aliitwa Berlin, aliitwa Uingereza, akakataa. Alilipa madeni polepole, akala kidogo, na usiku akafanya kazi katika kibanda chenye baridi, akitumia sehemu kubwa ya mapato yake kununua vitu vya majaribio. Mtihani wa ufamasia aliufanya mwaka 1777, akiwa tayari amegundua vitu vingi kuliko waliomtahini. Mwaka huohuo alihudhuria kikao cha Chuo cha Sayansi, mara moja tu.

Alikuwa na desturi ya kunusa na kuonja kila alichokitengeneza, na kuandika ladha yake. Aliandika hata ladha ya ile asidi ya sianidi, na ni ajabu kwamba aliishi kuiandika. Arseniki, zebaki, risasi na klorini zilipita mikononi na mapafuni mwake kwa miaka karibu thelathini, bila maski wala dirisha la kutosha, kama zinavyopita vumbi za mashimoni kwa wengi hadi sasa. Mwaka 1785 akaanza kuugua. Figo zilimuuma, ngozi ikaharibika, nguvu zikaisha. Wengi wa walioandika maisha yake wanaamini kazi yake ndiyo iliyomuua.

Kulikuwa na jambo moja alilotaka kulimaliza. Mjane Pohl alikuwa ametunza nyumba yake kwa miaka kumi, na haki ya farmasi ilikuwa sasa kwa jina la Scheele. Akifa bila kuoa, mama huyo angebaki bila kitu kwa mara ya pili. Mwezi Mei 1786, akiwa kitandani, Scheele alifunga naye ndoa. Alikufa siku mbili au tatu baadaye, tarehe 21 Mei, na farmasi ya Köping ikarudi kwa mjane.